Uzi: Lady Be Good, 1943. Ni digrii 330 zilizowaua, au tunamsingizia mtu wa redio?

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu, salaam. Nina dai hapa, mnipinge kwa hoja.

Usiku wa kuamkia 5 Aprili 1943 ndege ya mabomu ya Kimarekani, B-24D Liberator yenye jina Lady Be Good, ilikuwa inarudi Libya kutoka Naples, Italia. Ndani watu 9, safari yao ya kwanza ya vita. Saa 6 na dakika 12 usiku rubani, Luteni William Hatton, aliita kituo cha Benina, jirani na Benghazi: kipima uelekeo chake hakifanyi kazi, aambiwe yuko upande gani. Kituo kikamjibu 330. Ndege ikavuka pwani, ikapita uwanja wake, ikazama Sahara hadi mafuta yakakata. Ilikuja kuonekana kutoka angani mwaka 1958, karibu kilomita 700 kusini mashariki mwa Benina.

Dai langu: ile 330 mashine ilisoma sawasawa, binadamu akaielewa kinyume. Antena ya kitanzi unaizungusha mpaka sauti ya redio inafifia kabisa, hapo ndipo unasoma digrii. Ubaya wake sauti inafifia mara mbili, pande mbili zinazotazamana. 330 na 150 ni mstari mmoja. Mtu wa kituo alijua ndege inatoka Italia, yaani kaskazini magharibi, akachagua 330. Kumbe ilishampita kichwani, iko upande wa 150. Angeisoma hivyo Hatton angegeuza, na mafuta ya karibu saa mbili alikuwa nayo.

#2 Chembe

Navuta kiti.

#3 Fundi Mawimbi

Mzee wa Ramani, maelezo ya kitanzi yako sawa, ila umeruka hatua. Dawa ya huo utata ilikuwepo hata miaka ile. Unaongeza waya mmoja wa wima kwenye mzunguko, mawimbi ya upande mmoja yanajumlika na ya upande wa pili yanakatana, basi unajua mbele ni wapi. Au unatumia kituo cha pili mbali na cha kwanza: mistari miwili ikikutana umepata mahali, si uelekeo tu. Kwa hiyo swali si kitanzi, swali ni kwa nini hakuna aliyehakiki.

Pili, namba peke yake haina maana bila herufi za mbele yake. QDR ni uelekeo kutoka kwangu kwenda kwako. QDM ni uelekeo wa kushika ili ufike kwangu. 330 ikiwa QDR, anayekuja nyumbani ashike 150. 330 ikiwa QDM, ageuze pua aelekee kaskazini magharibi. Hatton hakugeuza, kwa hiyo aliielewa kama QDR: "uko kaskazini magharibi yangu, endelea kuja." Na ndivyo alivyofanya.

#4 Kibo1

Samahani wakuu, mbona saa hazikubali? Rubani msaidizi, Luteni Robert Toner, aliacha shajara, na imeandikwa walitua jangwani saa 2 usiku. Sasa watu walioruka saa 2 wamepigaje simu ya redio saa 6 na dakika 12? Kuna mtu anatupiga kamba.

#5 Bint Bandari

Kibo1, umesoma 2:00 ya kizungu ukaitia kwenye saa yetu. Hiyo ni saa 8 usiku, ndugu yangu. Saa 2 usiku wewe Lady Be Good ilikuwa ndiyo kwanza inafika Naples 😄

Sasa tupige hesabu kwa saa sahihi. Wito wa redio saa 6:12, kutua kwa miavuli saa 8:00. Hapo kuna saa 1 na dakika 48, tuseme saa 1.8. Kutoka Benina hadi mabaki ni kama kilomita 700. Ndege tupu iliendelea kilomita 26 baada ya watu kuruka, kwa hiyo waliruka kwenye kilomita ya 674 hivi. Gawa kwa 1.8, unapata 374 kwa saa.

Ina maana kama mwendo wao juu ya ardhi ulikuwa 374, saa 6:12 walikuwa juu kabisa ya Benina. Liberator inayobana mafuta huenda 340 hivi bila upepo. Kwa mwendo huo walikwenda kilomita 612 tu hadi kuruka, maana yake saa 6:12 walishaipita Benina kwa kilomita 60. Mzee wa Ramani anashinda.

Lakini weka upepo wa tezi, yaani wa kusukuma kutoka nyuma, wa kilomita 60 kwa saa. Mwendo unakuwa 400, wamekwenda kilomita 720, na saa 6:12 walikuwa bado baharini, kilomita 46 kabla ya kituo. Hapo 330 ilikuwa kweli tupu na mtu wa redio hana kosa. Kesi nzima imelala kwenye nguvu ya upepo.

#6 Kibo1

Nimekubali aibu yangu. Saa ya kizungu iniue mimi siku moja.

#7 Mzee wa Ramani

Bint Bandari, hesabu nzuri, ila unamwamini sana Toner. Mtu katua gizani, anatafuta wenzake, kaandika saa 8 kamili. Akikosea dakika 10 hapo kuna kilomita 60, na hukumu yako inageuka. Shajara hiyo hiyo inasema ndege 28 zilikwenda Naples. Zilikuwa 25.

#8 Bint Bandari

Kuhesabu ndege za watu kwenye tufani ya mchanga ni jambo jingine. Saa ya mkononi anayo.

#9 Mkwezi

Mimi nakataa hoja zote mbili kwa pamoja. Nani kathibitisha kwamba kipima uelekeo cha ndani ya ndege kilikufa? Tunajua tu kwamba Hatton *alisema* hakifanyi kazi.

Kile chombo ni mshale kwenye saa ya mviringo. Ukiwa unakwenda kituoni mshale unalala juu, kwenye pua. Ukishapita kituo unazunguka unalala chini, kwenye mkia. Sasa mweke rubani wa safari ya kwanza ambaye kichwani kwake bado yuko juu ya Mediterania. Mshale unamwambia kituo kiko nyuma. Nyuma ni Italia! Atasema nini? "Chombo kimeharibika." Atakizima au atakipuuza, ataomba msaada wa redio. Kituo nacho kitamjibu kwa dhana ile ile kwamba bado anakuja. Vyombo viwili vinasema kweli, watu wawili wanasahihisha vyombo.

Na kumbuka walipoikagua mwaka 1959, miaka 16 juani, redio yake ilikuwa bado inafanya kazi na bunduki zake bado zinafyatua.

#10 Fundi Mawimbi

Mkwezi umenikuna. Ila redio ya mawasiliano na kipima uelekeo ni visanduku viwili, kila kimoja na antena yake. Kimoja kupona si ushahidi kwamba cha pili kilikuwa kizima. Ndege iliruka kutoka kiwanja cha Soluch ndani ya mchanga wa kupofusha, na baadhi ya ndege za kundi lake ziligeuza njiani kwa sababu injini zilikula mchanga. Kitanzi kile kinazungushwa na mota ndogo. Chembe zikiingia kwenye gia zake kinakwama na mshale unaganda. Hilo nalo linawezekana, na wala halihitaji rubani mjinga.

#11 Msafiri wa Nyota

Mbona hakuna anayemtaja mwongoza njia? Luteni Dp Hays, ndiye kazi yake kujua walipo. Daftari lake lilikutwa ndani ya ndege. Kwenda Naples limeandikwa. Safari ya kurudi, hakuna kitu.

Kazi yenyewe usiku juu ya bahari ni hii. Kila muda unaandika mwelekeo wa dira, mwendo wa hewani, kimo na joto la nje. Kutoka hapo unakadiria. Ukadiriaji haujui upepo, kwa hiyo kila baada ya muda unapanda kwenye dirisha la kuba, unapima kimo cha nyota tatu kwa sekstanti, unaingia kwenye majedwali, unachora mistari mitatu. Inapokutana, upo hapo. Mikono inaganda, ndege inayumba, na ukikosea dakika 1 ya pembe umekosea maili 1 ya bahari. Chombo cha kupima ndege inavyosukumwa pembeni kinahitaji kuona kitu chini, na usiku ule chini hakukuonekana kitu.

Mwezi? Hakukuwa na mwezi. Anayebisha ahesabu mwenyewe: jua lilipatwa 4 hadi 5 Februari 1943, yaani mwezi mwandamo. Ongeza miezi miwili ya siku 29.5, unaangukia 4 hadi 5 Aprili. Giza la kaniki.

#12 Mkwezi

Daftari kuwa tupu kunaweza kuwa na maana tatu: hakupima, alipima akaandika kwenye karatasi aliyoruka nayo, au wote walikuwa wanamtegemea rubani na redio. Usimfunge Hays kwa karatasi nyeupe.

#13 Bint Bandari

Na isitoshe, ukichukua ramani ukavuta mstari kutoka Naples hadi Benina, kisha ukauendeleza moja kwa moja, unafika kwenye mabaki. Mwelekeo wa kurudi ni kama 150, na ndege imekutwa kwenye 150. Hawa hawakupotea njia! Walishika njia sawasawa, wakapitiliza. Waswahili wa majini walishasema, kwenda tezi na omo marejeo ngamani, hawa ngamani yenyewe wameivuka.

#14 Chembe

Bado nimekaa.

#15 Nuru_K

Naomba kuuliza. Mtu unapitaje juu ya pwani nzima bila kujua? Na kituo kilirusha mafataki ya kuwaonyesha, si ndiyo?

#16 Mzee wa Ramani

Nuru_K, yalirushwa, hawakuyaona. Pwani yenyewe wakati wa vita haina taa, mawingu yako chini yako, mwezi hakuna. Ukishavuka, Sahara tambarare usiku kutoka juu haitofautiani na bahari iliyotulia: nyeusi, haina taa, haina umbo. Ushahidi kwamba walidhani wako majini ni mlenga mabomu, Luteni John Woravka. Mwili wake ulipopatikana Agosti 1960 ulikuwa bado umevaa jaketi la kuelea. Unaruka jangwani kilomita mia saba kutoka baharini umevaa boya.

#17 Bi Tunu

Shikamooni wakubwa, asanteni kwa nondo. Lakini mmekaa na digrii tangu asubuhi. Nyumbani kwa hawa watu palikuwaje? Miaka 15 na zaidi mama anaambiwa nini?

#18 Karani

Marahaba, Bi Tunu. Nakupa utaratibu, maana wengi hawaujui.

Kituoni waliamini ndege imeanguka baharini. Waliitafuta majini, hawakupata hata doa la mafuta. Hatua ya kwanza ni telegramu kwa yule aliyeandikwa kwenye fomu kama ndugu wa karibu: ametoweka vitani. Halafu barua ya kuthibitisha. Neno "ametoweka" lilikuwa na maana ya kisheria. Kwa sheria ya Machi 1942 mshahara wake uliendelea kuingia, na ile sehemu aliyoagiza ipelekwe nyumbani iliendelea kwenda, kana kwamba yu hai. Baada ya miezi 12 bila habari faili linafunguliwa tena, na wizara inaweza kutamka kwamba anahesabiwa amekufa. Tarehe ya kifo inayoandikwa kwa kawaida ni siku moja baada ya mwaka kutimia. Ndiyo maana watu walioteketea wote usiku mmoja utakuta makaratasi yanasema walikufa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo mshahara unakatwa, inakuja posho ya miezi 6, na bima inalipwa, dola 10,000 kwa aliyekata ya juu kabisa, mkupuo mmoja. Dirishani familia ilikuwa na kibendera chenye nyota ya buluu, maana yake tuna mtu vitani. Sasa inawekwa ya dhahabu.

#19 Msafiri wa Nyota

Karani, mengine yote sawa, mkupuo sikubali. Bima ile wakati wa vita ililipwa kwa awamu. Mrithi wa chini ya miaka 30 alipata dola 55.10 kwa mwezi kwa miezi 240 kwa bima ya dola 10,000. Mkupuo uliruhusiwa baadaye, sheria ilipobadilishwa 1946.

#20 Karani

Nimesahihishwa, nakubali. Na hesabu hiyo ni ya kutisha ukiitazama: miezi 240 ni miaka 20. Mjane kijana wa 1944 alikuwa bado anapokea hundi ya kifo mwaka 1960, mwaka ambao mifupa ndiyo inaonekana.

Kuna na masanduku. Vitu vya marehemu vilikwenda Kansas City, Missouri, kwenye ofisi ya jeshi ya mali za waliokufa. Kule makarani walitoa kila kilicho cha serikali, waliosha au waliondoa chenye damu, walisoma barua. Barua ya mwanamke mwingine haikufika kwa mke. Kilichobaki kinaorodheshwa kitu kwa kitu, wembe 1, soksi jozi 4, namna hiyo, kisha posta.

Waingereza nao walikuwa na kamati yao kila kiwanja. Ndege isiporudi alfajiri, kabla ya jioni kitanda kimeshatandikwa upya na kabati tupu, ili wageni wanaokuja kujaza nafasi wasikute viatu vya mtu. Na hao walikuwa na sababu ya kuwa wepesi: kikosi chao cha ndege za mabomu kilipitisha warushaji 125,000, wakafa 55,573.

#21 Bi Tunu

Barua ya mwanamke mwingine 🙆🏾‍♀️ Makarani hao waliokoa ndoa za watu waliokwisha kufa. Asante sana.

#22 Kibo1

Turudi jangwani kidogo. Kwa nini hawakuifuata ndege? Ilitua nzima, ina maji, ina chakula, ina redio. Walikwenda kaskazini magharibi kama vipofu.

#23 Mkwezi

Jiweke wewe. Umeruka kwenye ndege isiyo na mafuta wala rubani. Utadhani imefanya nini? Imelipuka au imejichimbia. Hakuna duniani anayekisia kwamba italala kwa tumbo kwenye changarawe, ikakatika tu nyuma ya bawa, na injini namba 4 bado inazunguka ikigusa chini. Iliwezekana kwa sababu ilikuwa nyepesi, mabomu walishayatupa baharini, mafuta yamekwisha, watu hawamo, na uwanda ule ni bapa kwa kilomita na kilomita.

Halafu ndege ilikuwa kilomita 26 *kusini* yao. Wao waliamini pwani iko karibu upande wa kaskazini. Kwa walichokijua, walichagua sawa.

#24 Msafiri wa Nyota

Na walitembea kwa akili. Walikusanyana kwa kurusha fataki na kupiga bastola hewani, wakawa 8, Woravka hawakumpata. Maji yote yaliyokuwepo ni nusu ya chupa ya askari, chupa yenyewe haifiki lita moja. Mgao: kifuniko kimoja kwa siku kwa mtu. Walipumzika jua linapochoma, wakatembea wakati wa ubaridi. Njiani waliacha alama za mshale, viatu vya kurukia na vipande vya parachuti, wakavikandamiza kwa mawe ili mtu wa angani aone. Hivyo ndivyo walivyofuatwa miaka 17 baadaye.

Mtu anayetembea kwenye joto hupoteza hadi lita moja kwa saa. Kwa hesabu za vitabu walipaswa kuishia kilomita 50 hivi. Ijumaa ya tarehe 9 watano walisimama, Hatton, Toner, Hays, Adams na LaMotte, baada ya kama kilomita 100, macho yameharibiwa na mchanga. Watatu, Shelley, Ripslinger na Moore, waliendelea kutafuta msaada. Hapo walishaingia kwenye bahari ya mchanga ya Calanshio, si changarawe tena, ni matuta, kila hatua mbili unarudi moja. Shelley na Ripslinger walikutwa Mei 1960 zaidi ya kilomita 30 mbele ya wale watano. Shajara ya Toner inakoma Jumatatu tarehe 12.

#25 Nuru_K

Na Woravka?

#26 Msafiri wa Nyota

Mwavuli wake haukufunguka sawasawa. Aliangukia karibu na walipotua wenzake. Chupa yake ya maji ilikutwa naye, na maji yamo, zaidi ya nusu.

#27 Nuru_K

Daa.

#28 Mpiga Debe

Nimechelewa. Hamjasema ile laana! Vipuri vya Lady Be Good vilifungwa kwenye ndege nyingine nazo zikapata balaa. Moja ya jeshi la nchi kavu, Otter, ilianguka Ghuba ya Sidra, na kilichoelea ufukweni ni kiegemeo cha mkono kutoka Lady Be Good.

#29 Fundi Mawimbi

Mpiga Debe, kipuri cha 1943 kilichokaa miaka 16 kwenye mchanga ukikifunga kwenye ndege inayoruka, hilo halihitaji jini, linahitaji fundi afukuzwe kazi. Raba inakauka, grisi inakuwa gundi, waya unapoteza ngozi. Na kiegemeo cha mkono hakiangushi ndege.

#30 Mpiga Debe

Basi nimenyamaza. Chuma chenyewe kiko wapi siku hizi?

#31 Karani

Mabaki yalihamishwa 1994 kupelekwa kituo cha jeshi karibu na Tobruk. Panga moja la injini liko Lake Linden, Michigan, kijijini kwa LaMotte, mtu wa redio. Wanane wamezikwa na watu wao. Vernon Moore bado hajapatikana.

#32 Mzee wa Ramani

Nimesoma yote. Kwa Mkwezi nakubali nusu: mshale wa mkiani unaweza kuwa ndio chanzo. Lakini hata hivyo mtu wa Benina alikuwa na nafasi ya mwisho. Angemwambia Hatton ageuze digrii 90 kwa dakika 5, kisha apime tena: namba ikipanda ndege iko upande huu, ikishuka iko upande ule. Utata wa kitanzi unakwisha kwa dakika 5 za mafuta.

#33 Fundi Mawimbi

Hilo ni kweli, na lilijulikana. Ila mtu anaomba ageuziwe njia pale tu anapokuwa na shaka. Benina haikuwa na shaka.

#34 Bint Bandari

Mwenye kumbukumbu za upepo wa futi 10,000 juu ya Cyrenaica, yaani mashariki mwa Libya, usiku ule aziweke hapa. 20 kwa saa, nampa Mzee. 60, nampa mtu wa redio. Chini ya hapo sitaki hadithi.

#35 Chembe

Kiti kimeniuma, sibanduki.